Tupeane uzoefu: nani amemtafuta babu aliyekuwa mvushaji au baharia?

Mwanzilishi, Budalang'i
Ndugu zangu, babu mzaa baba alivusha watu Mto Nzoia kwa mtumbwi na upondo, huku kwetu Bunyala. Hakuacha karatasi hata moja. Kaburi lilikuwa karibu na ukingo, mafuriko yakalichukua. Miaka nenda rudi nimewauliza watu wa nyumbani, kila mmoja ananipa hadithi ileile ya mamba. Mwaka jana nikavuka ng'ambo nikaulize kule. Mama mmoja mkongwe akaniambia babu ndiye aliyemvusha siku anaolewa, nauli ikiwa mtama uliofungwa kwenye pindo la leso, na akamtaja kaka yake babu. Jina hilo sijawahi kulisikia kwetu! Abiria walimwona kila siku ya soko, sisi tulimwona usiku akiwa amechoka. Waulizeni aliowavusha.

Dada wa Kisumu
Umenigusa sana kaka. Kwetu tuliambiwa babu mkuu "alifanya kazi Usoga, akafia huko". Baba alienda Jinja mara tatu, akazunguka Busoga, ndiyo Usoga kwa Kiswahili, akitafuta kaburi, mpaka naye akatutoka. Baadaye nilikutana na mzee mstaafu wa bandari hapa Kisumu, nikamsimulia. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Binti yangu, nani alikwambia Usoga ni mahali tu?" Kumbe ni meli, SS Usoga, iliyoshushwa majini hapahapa Kisumu mwaka 1913. Nililia pale gatini. Nilimlilia baba, na nauli zote zile za Jinja. Kwa hiyo ukisikia jina la mahali kwenye habari za baharia, uliza kwanza kama kulikuwa na meli ya jina hilo. Rusinga ilikuwepo, Nyanza pia.

Mjomba, Siaya
Pekueni masanduku ya bibi zenu mtafute kipande, kile kitambulisho cha kazi cha enzi za ukoloni. Sheria yake ilitungwa 1915, na wanaume wetu walikivaa shingoni ndani ya kijaluba cha bati. Karatasi yake ina alama za vidole, mwajiri na mshahara. Kijaluba cha babu yangu bibi alikuwa anawekea ugoro. Karani aliliharibu jina kabisa, baba hakulitambua mpaka alipoona jina la chifu wetu.

Niko Nakuru
Wa kwetu alivusha Mto Yala. Ofisi moja ilinizungusha miezi minne, nikakata tamaa. Kuna aliyejaribu vitabu vya ubatizo?

Dada wa Kisumu
Jaribu, ila usisome jina la baba na mama tu. Soma na la msimamizi. Kwetu msimamizi alikuwa baharia mwenzake, na wajukuu wake bado wako Dunga.

Mwanzilishi, Budalang'i
Asanteni. Jumamosi navuka tena. Yule mama amesema kaka yake babu aliacha binti, yuko hai, na ametuma neno kwamba nije na picha ya baba.