Naomba ushauri: presha ya mzee na mafuta kwenye mishipa ya damu
Ndugu zangu, habari za majukumu. Baba yangu mkubwa, mkazi wa Ngamiani hapa Tanga, ana miaka 61 na presha yake husoma 160/95 ingawa humeza amlodipini, dawa ya kushusha presha, kila asubuhi, na sasa daktari amemweleza kuwa mafuta yameanza kujijenga kwenye kuta za mishipa ya shingo. Kisukari hana, sigara hajaacha. Lehemu (kolesteroli, yaani mafuta ndani ya damu) haijapimwa, jambo linalonishangaza, kwa kuwa lehemu mbaya, moshi wa sigara na presha ya muda mrefu husaidiana kuharibu ukuta wa mshipa. Je, tukimbilie kipimo cha lehemu, au tumbane kwanza kuhusu sigara na ng'onda wa chumvi anaokula kila jioni?