Pauni 108 kwa nyama baridi: ada ya huduma ni lazima?

Dada wa Swindon:

Ndugu zangu, hamjambo? Mama mkwe yuko huku kutoka Tanga, na alitaka kuiona Uingereza ya vijijini, ile ya kuta za mawe ya manjano na kondoo. Jumapili tukampeleka Cotswolds. Saa nane na nusu mchana tukaingia kwenye pabu moja, yaani baa ya Kiingereza inayouza na chakula, jina nalihifadhi. Nje maua, ndani moto wa kuni, nikasema leo mama atafurahi.

Jamani. Nyama ya ng'ombe ya kuokwa, pauni 21 sahani moja, ilikuja vipande vyembamba vya kijivu, baridi katikati. Viazi vigumu. Ile Yorkshire pudding, kiandazi cha kuokwa kinacholiwa na nyama, ungeweza kumrushia mwizi. Mchuzi ulikuwa maji yenye rangi. Mama akala karoti mbili akasema, "Ahsante wanangu, nimeshiba." Mhudumu alipopita kuuliza kama tunafurahia chakula, mume wangu, kwa ule uungwana wa kwao, akajibu "safi kabisa"!

Bili ikaja pauni 96, juu yake asilimia 12.5 ya huduma, jumla 108. Tulilazimika kuilipa hiyo 12? Na kuhusu chakula chenyewe, bado kuna la kufanya?

Kaka wa Reading:

Pole sana dada, na mama mpe pole zetu. Nimefanya kazi jikoni kwenye pabu kwa miaka kadhaa, nikueleze yanayotokea huko nyuma.

Nyama ya Jumapili huokwa asubuhi kwa ajili ya siku nzima. Wanaokula saa sita wanaikuta imetoka tu kupumzishwa. Wa saa nane na nusu mara nyingi wanapata iliyokatwa zamani, na inapashwa kwa kumwagiwa mchuzi wa moto. Mchuzi nao ukipungua, anayekimbizana na oda anaongeza maji. Viazi ndiyo usiseme, vimekaa chini ya taa ya joto mpaka vimekauka. Kwa hiyo Jumapili weka nafasi ya saa sita au saa saba, na ukifika kwa kuchelewa agiza kitu kinachopikwa pale pale.

Ada ya huduma ikiwa ya hiari, na kwenye menyu nyingi wanaandika hivyo, unaweza kuomba iondolewe kabla ya kulipa. Ila mimi nisingeiondoa. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, England, Scotland na Wales, sheria inamtaka mwajiri awape wafanyakazi bakshishi na ada hiyo yote. Sasa ukiikata, unamwadhibu yule binti aliyebeba sahani, na aliyeharibu nyama hajui hata kama ulikuja. Punguzo lidai kwenye chakula.

Hapo una nguvu: Sheria ya Haki za Walaji ya 2015 inataka ulichouziwa kiwe na ubora unaoridhisha, la sivyo wakurekebishie au wakupunguzie bei. Lakini sema mapema, ukiwa umekula tonge mbili tatu. Mwite mhudumu, mwambie kwa upole, "nyama hii ni baridi, naomba nyingine." Wenyeji hawaoni hilo kuwa ugomvi. Sahani ikirudi tupu, meneja atakuuliza ulikuwa unakula nini.

Halafu msinunue maji ya chupa. England na Wales, penye leseni ya kuuza pombe ya kunywewa hapo hapo, wanatakiwa kukupa maji ya bomba bure ukiomba.

Mzee wa Leicester:

Niongeze kwa tunaotazama halali. Msidhani mkiagiza samaki na chipsi mmesalimika. Uliza unga wanaompaka samaki umechanganywa na bia au la, na chipsi zimekaangwa kwa mafuta gani, maana wako wanaotumia mafuta ya ng'ombe. Mchuzi wa nyama nao huwa unatiwa mvinyo. Mimi huuliza kwa simu kabla sijatoka nyumbani, si nimekwisha kaa na wajukuu wana njaa.

Dada wa Swindon:

Shikamoo mzee, ahsante. Kaka, nimekusikia kuhusu yule binti, na kweli alikuwa peke yake na meza zote zile, hiyo 12 namwachia. Chakula sikiachi. Nimewaandikia leo, nikaambatisha risiti na picha ya sahani ya mama jinsi ilivyorudi, karoti tu ndizo zimepungua. Nimeomba bei ya sahani mbili. Wakijibu nitawaarifu.

Maji tulinunua chupa mbili, pauni 4 kila moja. Hizo nazo nidai?

Kaka wa Reading:

Hapana dada, hizo mliagiza wenyewe na mkanywa.