Nina milioni moja na nusu: ninunue priampu, au nianzie wapi?

Mama_Igoma

Mwangaluka wakuu. Niko Igoma, Mwanza. Zamu yangu ya kikoba imefika, milioni 1.5, na safari hii nimeapa haiendi kwenye saruji. Nina kistudio chumba cha nyuma, mita 3 kwa 3, chini vigae, juu mabati na dari ya jipsamu. Vifaa ni laptopu, maiki ya Shure SM58 niliyoachiwa na kwaya yetu waliponunua zisizo na waya, intafesi (kifaa cha kuunganisha maiki na laptopu) ya Focusrite Scarlett Solo toleo la 3, na hedifoni zilizokuja na simu. Narekodi waimbaji wa injili, mmoja mmoja.

Shida yangu: sauti zinatoka kama mtu kaimbia ndani ya pipa. Kijana anayenifanyia mikisi kila siku ananiambia hazina mwili. Video nimeangalia mpaka bando limekata, zote zinasema priampu, yaani kikuza sauti ya maiki, ya ndani ya intafesi ndiyo mchawi, ninunue ya nje. Kuna moja nimeoneshwa mjini, laki tisa na nusu. Nichukue? Na inayobaki niifanyie nini?

Nawasilisha.

Kirumba_Mwaloni

Chukua dada, usiulize mara mbili. Studio kubwa nyingi zina priampu za nje. Priampu ya Neve 1073 ni ya 1970 na hadi leo watu wanaitafuta kwa tochi. Intafesi ni ya kujifunzia.

Fundi_Nyegezi

Dada, weka hiyo hela mfukoni kwanza.

Mimi nilishalipa ada ya somo hili. Mwaka 2018 niliagiza priampu ya nje, ikaja na basi kutoka Dar, nikaipakata kutoka stendi kama mtoto mchanga. Nikarekodi mwalimu wa kwaya wa jirani yangu, wimbo uleule, maiki ileile, mara moja kupitia priampu mpya na mara moja kupitia intafesi. Nikasawazisha ukubwa wa sauti, maana sauti iliyo juu kidogo masikio huiona nzuri. Nikamwambia mwalimu achague bila kujua ipi ni ipi. Akachagua ya intafesi. Nikarudia, akasema zote sawa, akaomba maji. Wiki iliyofuata ikanyesha, na mvua ya kwenye mabati nikairekodi kwa ubora wa hali ya juu kabisa. Niliiuza kwa hasara.

Sababu yake ni hii. Maiki ya omu 150, hata ikiwa kimya, ina kelele yake ya asili ambayo hakuna fundi anayeweza kuiondoa, kama −131 dBu (hizo ni desibeli, na namba ikisogea karibu na sifuri kelele ni kubwa zaidi). Intafesi yako imeandikwa −128. Hiyo tofauti ya desibeli chache ndiyo yote unayoweza kununua upande wa kelele, hata ukiuza kiwanja. Kinachobaki ni rangi ya sauti, na hiyo 1073 ya ndugu yangu wa Kirumba kweli inayo, lakini rangi hupakwa kwenye ukuta uliokwisha pigwa plasta.

Priampu inakuwa tatizo la kweli pale geini, yaani nguvu ya kukuza sauti, inapoisha. Maiki ya Shure SM7B kwa mfano ni nzito kuamka, wenyewe wanataka geini ya desibeli 60 na zaidi, na Scarlett yako inaishia 56. Mtu akisoma kwa upole hapo utasikia shhhh. Hata hivyo dawa yake ni kale kakopo kadogo kanakoongeza desibeli 25 hivi kwa kutumia umeme wa volti 48 wa intafesi, siyo mtambo wa laki tisa. Wewe una SM58 na waimbaji wa injili. Mtu akifungua koo sentimita kumi kutoka kwenye maiki, geini ya 40 inatosha na ziada.

Pipa unalolisikia ni chumba. Simama katikati, piga kofi moja. Ukisikia "trrrr" ikikimbizana ukutani, umempata mchawi. Tena chumba chako ni mraba: mita 3 kwa 3 maana yake besi ya karibu hezi 57 inajirundika kwa upana na kwa urefu kwa pamoja.

Leo usiku fanya jaribio lisilo na gharama. Fungua kabati la nguo, mwimbaji alipe mgongo, nyuma yake kabisa ziwe nguo, blanketi juu ya kichwa, mdomo kutoka sentimita 30 mbele ya maiki uusogeze hadi 15. Huko kusogea peke yake ni desibeli 6 za bure, na besi kidogo juu yake. Maiki na priampu ni zilezile. Sikiliza, kisha uje hapa.

Mama_Igoma

Kaka Fundi, nimerudi. Watoto wamenicheka nikiwa chini ya blanketi na joto hili, lakini pipa limeondoka! Kumebaki mngurumo mdogo wa chini, kama friji, na friji nilizima.

Buzuruga_Studio

Huo ni umeme dada, hezi 50. Chomoa chaja ya laptopu, urekodi kwa betri. Ukikoma, fundi aangalie waya wa ethi wa nyumba, nyumba nyingi zetu soketi ina tundu la tatu la mapambo.

Mama_Igoma

Umekoma papo hapo! Sasa milioni 1.5 ninaigawaje?

Fundi_Nyegezi

Kama ningekuwa mimi, laki tatu ziende chumbani: fremu za mbao, blanketi nzito za mitumba zikunjwe mara nne, ziachwe mbali kidogo na ukuta. Zile sponji nyembamba za mayai zinakula "s" tu, besi inazipita inacheka. Kwenye kona za chumba weka magodoro mazima. Laki mbili na nusu hedifoni za kufunika sikio, maana hizo za simu zinakudanganya kila siku. Stendi nzito, kebo nzuri, diski ya kutunzia kazi za watu. Maiki ya kondensa, ile nyepesi kusikia inayotumia umeme wa intafesi, baadaye, na usiogope wanaosema inasikia chumba zaidi. Watu huimbia mbali nayo, ndiyo maana. Spika acha kabisa kwa sasa.

Mvua kwenye mabati haizuiwi na blanketi. Ikianza, chemsha chai.

Mama_Igoma

Blanketi soko la Mlango Mmoja wanauza kwa kilo au moja moja?

Buzuruga_Studio

Moja moja. Wahi asubuhi wanapofungua marobota, na usiseme ni za studio.