Tupeane uzoefu: namba ya mgongoni ulipewaje?

Assalaam alaykum wanamichezo. Kwetu Unguja ukimuuliza mtu anacheza wapi, anakutajia namba: mie tano, yule saba. Asili yake ni mfumo wa zamani wa mabeki wawili, viungo watatu na washambuliaji watano, jezi zikihesabiwa kutoka nyuma kwenda mbele. Sheria ya kuotea ilipobadilishwa 1925, sentahafu, yaani kiungo wa katikati ambaye kwa hesabu hiyo ni 5, akashushwa katikati ya mabeki, ndiyo maana 5 iko nyuma mpaka leo. Arsenal na Chelsea walijaribu namba kwenye ligi ya Uingereza tarehe 25 Agosti 1928. Fainali ya Kombe la FA ya 1933, Everton walivaa 1 hadi 11, Manchester City 12 hadi 22.

Haya, na nyie semeni.

*Beki wa Wete:* Timu yetu ya vijana, kocha alikuwa akitandaza jezi mkekani kabla ya mechi, anaita jina na kurusha. Ukirushiwa ushapangwa. Mie roho yangu ilikuwa kwenye 10, nikarushiwa 3, ya beki wa kushoto, kwa sababu ya mguu wangu wa kushoto. Namba zenyewe vitambaa vilivyoshonwa kwa mkono, na ile 3 pembe yake ya chini ilishaachia, nikikimbia inanipigapiga kiunoni. Nimecheza nayo miaka, na leo ukinipa 10 siivai.

*Kipa wa Makunduchi:* Ya kipa ni 1, mjadala hakuna. Argentina, Kombe la Dunia 1982, waligawa kwa alfabeti: Ardiles, kiungo, akavaa 1 na kipa Fillol akavaa 7! Maradona peke yake ndiye aliyeachiwa 10 yake bila kufuata herufi. Mie hilo halijanikaa sawa hadi leo.

*Kijana wa Ng'ambo:* Namba 8 wetu alifariki baharini. Msimu mzima jezi yake haikuvaliwa, tuliingia uwanjani nayo, tukaiweka benchini. Manchester City walifanya hivyo kwa 23 ya Marc-Vivien Foé, kiungo wa Cameroon aliyefia uwanjani, 2003, wao wakaifungia kabisa. Sisi mama yake akatuambia apewe mdogo wake. Dogo ni beki wa kulia, 8 si nafasi yake, lakini hakuna aliyethubutu kumwambia avae 2. Na mama haikosi mechi hata moja.

*Dada wa Chake:* Mmesahau netiboli. Sie hatuna namba, tuna herufi za nafasi kifuani, kwa Kiingereza: GS, GA, WA, C, WD, GD, GK. Na herufi yetu ni sheria hasa. Mie WD, mlinzi wa pembeni, nikikanyaga duara la kufungia tu, filimbi. Nyie namba 3 mnapanda mpaka golini kwa watu na hakuna wa kuwauliza. Nilililia C, ya mchezaji wa katikati, skuli nzima, maana C anakwenda kote isipokuwa kwenye maduara, na mwalimu hakunipa.

Wa Micheweni na Mkoani bado hatujawasikia.