Tupeane uzoefu: waliofika Kasri la Wafalme Kyoto na bustani zake

Mleta mada
Wakuu, salaam. Ndugu wakija Japani kutembea, Kyoto huwa tunawapeleka kwenye mahekalu, Kasri tunalipita ukutani. Mimi nalipenda kuliko mahali pengine popote mjini humo, ndiyo maana naleta mada hii.

Mjue kabisa kwamba huingii ndani ya jengo lolote. Unazunguka nje na kuchungulia, na wapo wanaoondoka wamenuna. Lakini simama mbele ya Shishinden, ukumbi alimotawazwa Mfalme Showa (Hirohito) mwaka 1928. Uwanja mweupe wa changarawe, mtupu. Mashariki mti wa sakura, yaani mcheri wa maua, magharibi mchungwa wa tachibana. Paa limeezekwa magome ya mti wa hinoki, tabaka juu ya tabaka, nene kama godoro. Majengo haya ni ya 1855, maana ya kabla yake yaliteketea mwaka uliotangulia, ila waliyajenga kwa mtindo wa kale. Na mwaka 1869 Mfalme Meiji akahamia Tokyo, Kasri likabaki bila mfalme. Utupu ule unanigusa kila nikifika.

Mchangiaji, Kobe
Asante mkuu. Mimi nilikwenda na mama alipotoka Moshi. Kiingilio bure, na tangu 2016 huhitaji kuomba kibali. Unapita lango la Seishomon, wanakagua mikoba, basi. Jumatatu huwa wamefunga. Mwenye mzazi wa miguu mibovu ajipange: changarawe ni nyingi na inachosha.

Mama majengo hayakumshughulisha. Alipofika bustani ya Oikeniwa, penye bwawa na ufuo wa kokoto, ndipo aligoma kuondoka. Kulikuwa na mtunza bustani juu ya ngazi, anapunguza majani ya msonobari kwa vidole, moja moja. Mama amelima maisha yake yote. Alimtazama yule bwana hadi aliposhuka, wakainamiana.

Mchangiaji, Nagoya
Nasomea usanifu majengo, kwa hiyo naongezea kitu kinachopitwa na wengi. Karibu na mwanzo wa mzunguko kuna vyumba vitatu vya kungojea: cha chui milia, cha korongo na cha sakura, kwa michoro ya milangoni. Mgeni alikaa kulingana na cheo chake. Wa chui milia ndio wakubwa. Wa sakura, wadogo kabisa, hata njia ya kuingilia ilikuwa yao peke yao: walipanda moja kwa moja kutoka kwenye jiwe la kuvulia viatu. Ukilijua hilo, utaona ngazi ya vyeo imejengwa kwa mbao.

Mchangiaji, Mombasa
Hamjambo nyote. Mie nilikuja kwa matembezi tu, na kilichoniteka ni Sento, kasri la mfalme mstaafu, jirani na hapo. Ilijengwa kwa ajili ya Mfalme Go-Mizunoo alipong'atuka. Nyumba ziliungua 1854 na hazikujengwa tena, imebaki bustani. Huko lazima uombe nafasi na uende na pasipoti, na watoto hawaruhusiwi.

Jamani, ule ufuo wa bwawa la kusini! Mawe laini, bapa, yametandazwa mengi mno. Wanasimulia kwamba yaliletwa kutoka mji wa mbali wa Odawara, na kila jiwe lililipiwa kipimo kimoja cha mchele, karibu lita mbili. Mimi mtu wa pwani, mawe ya ufuoni nimeyaona tangu utotoni, lakini yaliyochaguliwa kwa mkono hivyo sijapata kuyaona.

Mchangiaji, Kampala
Na mtu akiwa Tokyo tu, hana nauli ya Kyoto?

Mleta mada
Aende Bustani za Mashariki za Kasri la Tokyo, nazo ni bure, Jumatatu na Ijumaa wamefunga. Apande juu ya msingi wa mawe wa mnara wa ngome ya Edo (jina la zamani la Tokyo), ulioungua 1657 na haukujengwa tena. Dada wa Mombasa, umenipa hamu ya kurudi Sento. Sasa namtafuta aliyefika Katsura, kasri jingine la kifalme hapo Kyoto: kiingilio cha pale kinalipiwa, je, kinastahili?