Tupeane uzoefu: kupanga njia bora za miguu na za baiskeli mijini

Mwanzisha mada:
Ndugu wanachama, naomba tupeane uzoefu kuhusu upangaji wa njia za waenda kwa miguu na waendesha baiskeli, hasa wale mliowahi kukagua njia hizo au kutoa maoni kabla hazijajengwa. Kwetu, tulipoletewa ramani ya njia mpya, tuliipita yote kwa miguu saa ambazo watoto huenda shule. Kwenye karatasi mstari haukukatika popote. Barabarani ulipotea kwenye kila makutano makubwa, pale hasa ambapo mtu anahitaji ulinzi zaidi. Naamini kabisa kwamba njia ipimwe kwa kivuko chake kibaya kuliko vyote, kwa sababu mzazi anayekiogopa kivuko kimoja hatamruhusu mtoto kutumia baiskeli, hata kama sehemu nyingine zote ni salama.

Mchangiaji wa kwanza:
Naunga mkono, na nitaongeza suala la muda wa taa. Mara nyingi wahandisi hukadiria kwamba mtu huvuka kwa mwendo wa mita 1.2 hivi kwa sekunde, kwa hiyo barabara ya mita 12 huhesabiwa sekunde 10. Mama yangu hutembelea mkongojo, na mtu wa mwendo wa mita 0.8 kwa sekunde huhitaji sekunde 15 kuvuka barabara hiyo hiyo, maana yake taa humgeukia akiwa bado katikati ya magari. Tulipoiwasilisha hesabu hiyo kwa wahusika, muda uliongezwa, na hakuna hata tofali lililohitajika.

Mchangiaji wa pili:
Langu ni fupi. Kabla ya kuchora chochote, tazameni vijia ambavyo watu wamekwisha kuvichonga kwa nyayo zao kwenye majani, kwani mwenda kwa miguu hakubali kuzungushwa.

Mchangiaji wa tatu:
Hilo la kuzungushwa nililiona vizuri nilipokuwa nikisoma Groningen, Uholanzi. Mwaka 1977 kitovu cha mji huo kiligawanywa katika sehemu 4, na gari haliwezi kutoka sehemu moja kwenda nyingine bila kurudi kwanza kwenye barabara ya mzunguko, ilhali mwenye baiskeli hukatiza moja kwa moja. Kilichonivutia ni kwamba mabadiliko makubwa kiasi hicho yalitokana zaidi na kupanga upya mielekeo ya magari kuliko na ujenzi wa gharama. Nadhani mamlaka nyingi hukimbilia kupaka rangi kando ya barabara yenye kasi kwa sababu hazitaki kuligusa suala hilo la magari.

Mchangiaji wa nne:
Natumia kitimwendo, nami naomba wapangaji wakumbuke vizuizi vya chuma vinavyowekwa mwanzoni mwa njia ili pikipiki zisiingie. Vilinifungia nje mimi, mama mwenye kigari cha mtoto na mwenye baiskeli ya mizigo, huku pikipiki zikiendelea kupenya pembeni. Baada ya kuwaalika wahusika waje wajionee, viling'olewa na kuwekwa nguzo zilizoachana mita 1.5, na sasa napita bila kusaidiwa.