Muuzaji wa programu aliacha mlango wazi, barua ya kujieleza nimeandikiwa mimi

Wadau, nimengoja wiki tatu kabla ya kuandika haya nikitumaini hasira itapoa. Haijapoa.

Mimi ndiye mtu wa IT wa kampuni moja ya usambazaji hapa Eneo la Viwanda, Nairobi. Niko peke yangu. Seva, mtandao, printa, kamera, simu za mezani, yote ni yangu, na watumiaji ni kama 40. Programu ya hesabu na stoo inatoka kwa muuzaji wa nje ambaye bosi alimchagua kabla sijaajiriwa. Huyo muuzaji ndiye aliyenileta hapa leo.

Wiki yangu ya kwanza kazini nilikuta ruta imefungua poti 3389 moja kwa moja hadi kwenye seva ya hesabu. Kwa asiyejua, hiyo ni poti ya RDP: unaingia kwenye kompyuta ya Windows ukiwa mbali na kuitumia kana kwamba umeketi mbele yake. Ukiiacha wazi kwenye intaneti haichukui muda kugunduliwa. Kuna mashine zinazozunguka anwani za dunia nzima usiku na mchana zikitafuta mlango kama huo, na zikiupata zinaanza kubahatisha maneno ya siri. Nilipofungua logi za seva nilikuta tukio 4625, yaani jaribio la kuingia lililoshindwa, limejaa ukurasa baada ya ukurasa. Wamejaribu "administrator", wamejaribu "test", wamejaribu mpaka jina la kampuni yetu.

Akaunti ya muuzaji nayo ilikuwa na mamlaka yote ya usimamizi, na neno lake la siri lilikuwa jina la programu yao pamoja na mwaka. Vijana wao wote wa huduma walilitumia hilo moja. Baadaye rafiki yangu anayefanya kazi kwingine, nao wana programu hiyo hiyo, akaniambia kwao pia neno ni lile lile. Yaani ukipata ufunguo wa mteja mmoja, umepata wa wateja wote!

Nikaandika barua pepe kwa bosi. Niliomba poti ifungwe na muuzaji apite kwenye VPN, yaani njia ya faragha ya kuingia kwenye mtandao wetu ukiwa mbali, yenye uthibitisho wa hatua mbili, kila kijana wao awe na akaunti yake, na seva ihamishwe kwenye Windows mpya. Muuzaji akajibu kwamba nikifunga poti hatatoa huduma, na kwamba programu yao inafanya kazi kwenye Windows Server 2012 R2 tu. Microsoft ilimaliza kuihudumia hiyo tarehe 10 Oktoba 2023, na viraka, yaani marekebisho ya usalama, vya baada ya hapo ni vya kulipia. Sisi hatukulipia. Nilimkumbusha bosi habari za WannaCry, kirusi cha kufunga faili na kudai fidia: ilivamia dunia tarehe 12 Mei 2017 kupitia tundu ambalo kiraka chake kilikuwa kimetoka tangu 14 Machi mwaka huo, na walioumia ni wale ambao hawakukiweka. Jibu lake: "Kijana, hao ndio waliotengeneza programu. Wewe unaijua kuliko wao?"

Jumamosi moja, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, dada wa stoo akanipigia. "Kaka, invoisi hazifunguki. Faili zote zimebadilika majina." Nilimwambia ang'oe waya wa mtandao kwenye seva, asizime kitu. Nilipofika niliona kwenye logi kwamba mtu aliingia saa saba usiku kwa akaunti ya muuzaji. Alifuta nakala za kivuli za Windows (nakala za faili ambazo Windows hujiwekea yenyewe), akafunga faili zote kwa msimbo zisifunguke bila ufunguo wake, akafunga pia diski ya bakapu, kwa sababu muuzaji ndiye aliyetuwekea huo mpango wa bakapu na diski ilikuwa imechomekwa kwenye seva ile ile siku zote. Bakapu ambayo mvamizi anaifikia kwa akaunti ile ile aliyoiba haikusaidii kitu. Akaacha barua ya kudai fidia.

Kilichotuokoa ni diski niliyonunua Luthuli Avenue kwa pesa zangu. Kila Jumatano jioni naichomeka, nanakili, naichomoa, naifungia kwenye droo. Kwa hiyo tulipoteza Alhamisi na Ijumaa. Dada wa stoo, mama wa akaunti na mimi tuliingiza upya rekodi za siku hizo mbili kutoka kwenye vitabu vya kupokelea mizigo, usiku tatu mfululizo. Fidia hatukulipa.

Ndani ya seva hiyo kulikuwa na mishahara, nambari za vitambulisho na PIN za KRA (namba za kodi) za wafanyakazi wote. Bosi alitaka tunyamaze. Nikamwekea mezani Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019: data ya watu ikifikiwa na asiyeruhusiwa, na kukawa na hatari ya kweli kwao, Kamishna wa Data anaarifiwa ndani ya saa 72, na wenye data nao waambiwe. Tuliarifu Jumatatu jioni, baada ya mabishano ya siku nzima. Watu hao nakula nao chakula cha mchana. Ningewatazamaje?

Halafu kikao. Muuzaji akaja na bili ya kusakinisha programu upya, akasema mbele ya wote kwamba sisi ndio hatukuwa na usalama wa kutosha. Siku ya pili nikapewa barua: nieleze kwa nini nisichukuliwe hatua za kinidhamu. Nimeijibu kwa kuambatisha barua pepe zangu zote za kuonya, na jibu lake yeye muuzaji la kukataa. Mpaka leo sijaambiwa neno.

Poti nimeifunga na akaunti yao nimeizima. Sasa wanatishia kusitisha huduma mwisho wa mwezi, na mkataba wetu hausemi chochote kuhusu wanavyoingia kwenye seva. Aliyewahi kumlazimisha muuzaji wa namna hii apite kwenye VPN kwa akaunti zenye majina ya watu, naomba aniwekee hapa maneno mliyoyaandika kwenye mkataba. Nina kikao nao Alhamisi.